Gari la Pili

Mwalimu Lukasi Semboja alijulikana pale chuoni kwa vitu viwili, sweta na kalamu nyekundu. Sweta lilitoka kwao Vugiri, mlimani, ambako asubuhi watu huota moto. Yeye alishuka nalo mpaka Korogwe, akalivaa kwenye joto hili hili linalotuyeyusha sisi wengine, Januari mpaka Desemba, bila wasiwasi. Wanafunzi walilicheka sweta mpaka wakachoka. Kalamu hakuna aliyeicheka.

Shamimu alipompelekea mada yake ya kwanza ya utafiti, "Operesheni Vijiji Tanzania", mwalimu aliisoma, akatabasamu, akaandika pembeni neno moja: Pana.

"Tanzania nzima, binti? Kwa miguu ipi? Utamaliza una mvi kichwa kizima, na mimi nimeshazikwa kwetu."

"Nipunguze mpaka wapi, mwalimu?"

"Punguza mpaka umwone mtu. Ukishamwona mtu, hapo hapo simama."

Maneno mepesi hayo, sivyo? Na Shamimu aliyabeba kwa wepesi huo huo. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho, mada ilitakiwa kupitishwa kabla mwezi haujaisha, na ambaye angechelewa angebaki kuwapungia wenzake mkono. Akatembea kurudi mtaani kwao Masuguru, na kabla hajafika nyumbani alikuwa keshapunguza: si Tanzania tena, ni mkoa wa Tanga. Mbona rahisi!

Nyumba ya babu yake, Mzee Mbwana, iliangalia barabara ya malori. Walipokuja kununua kiwanja kulikuwa na kingine nyuma kabisa, kimya, chenye kivuli na udongo mzuri wa bamia, na mzee alikitaka hicho. Mkewe, Bibi Mwanaidi, akakataa katakata. Yeye alitaka barabara. Alitaka malori yapite mbele ya mlango wake, na vumbi lake na kelele zake. Mzee Mbwana ni mbishi, huwezi kumwambia mvua inanyesha asikubishie, lakini siku hiyo hakufungua mdomo. Akalipia kiwanja cha barabarani.

Sababu aliijua kila mtu aliyewahi kula katika nyumba ile. Lori likifika kwenye tuta, likipunguza mwendo na kuguna, Bibi huacha alichoshika. Kama anachambua mchele, ungo unawekwa chini. Kama yuko katikati ya maneno, maneno yanakatika. Anasimama, anajifunga kanga vizuri, anakwenda mlangoni, anaangalia. Lori linapita. Bibi anarudi, anaketi, anaendelea na lile neno alilolikata, kama mtu aliyeenda tu kuchungulia mvua.

"Anamngoja mama yake," Shamimu aliambiwa tangu mdogo, na mtoto akiambiwa jambo mapema haoni ajabu yake. Mama yake Bibi aliitwa Bi Mwanaheri. Mwaka sabini na nne, watu walipohamishwa kutoka Kwemvumo, kule porini Handeni, na kupelekwa kijiji kipya kando ya barabara, Bi Mwanaheri alikuwa aje na gari la pili. Gari la pili likafika. Yeye hakuwemo. Watu walisema mengi, kwamba kapanda gari la watu wa Kilindi, kwamba kachukuliwa na ndugu zake, kwamba kapotelea porini. Hakuna aliyeuona mwili, kwa hiyo halikuwapo kaburi, hayakuwapo matanga, haikusomwa hitima. Na ukimwuliza Bibi mama yake alifariki lini, atakukazia macho mpaka ujute.

"Nani kakwambia kafariki? Hajafika."

Shamimu zamani alikuwa akiona kichekesho, bibi kizee mzima anamngoja mama yake mlangoni. Lakini mwaka ule miguu ya Bibi ilianza kuvimba. Hakuweza kuinuka bila kushika ukuta, na bado lori likiguna aliinuka. Jioni moja, akimsuka Shamimu nywele, akamwambia taratibu, "Mimi kufa siogopi, mjukuu wangu. Naogopa nife, halafu aje, akute mlango umefungwa." Shamimu alibaki ameinamisha kichwa, machozi yanamdondokea mapajani, na tangu siku hiyo hakucheka tena.

Babu naye alikuwa na lake. Mzee Mbwana haingii ndani ya nyumba yoyote bila kukohoa kwanza. Kikohozi kikavu, nje ya kizingiti, halafu anasubiri. Kwa jirani, sawa, adabu hiyo. Lakini nyumbani kwake mwenyewe? Bandani kwa kuku? Husna, mama yake Shamimu, anayeuza vitenge Chanika, Handeni mjini, akija kuwasalimu humtania mbele ya watu: "Baba, mke umemuoa zamani hizo, bado unaingia kama uko ukweni! Ngoja kuku wakujibu karibu." Nyumba nzima inaangua kicheko. Mzee hacheki. Anaingia, anaketi, anaomba maji.

Na kwa asiyejua, ukweni kwa Wazigua wa zamani hakukuwa na mzaha. Mwanamume na mama mkwe wake hawakutazamana usoni, hawakukaa chini ya paa moja, na jina la mkwe halikutoka kinywani mwa mkwewe hata kwa bahati mbaya. Mwanamume akiikaribia nyumba hiyo alikohoa, ili mama wa watu apate kujisitiri. Siku hizi mkwe na mkwe wanapigiana simu kuulizana bei ya mahindi. Enzi zile usingethubutu.

Basi, tuendelee na kalamu nyekundu. Mkoa wa Tanga ukarudi umeandikwa: Bado pana. Shamimu akaandika wilaya ya Handeni. Alikuwa mezani, sebuleni, Babu akila bada, ugali wa muhogo, na mlenda pembeni yake. Mzee alilisoma neno Handeni kwenye karatasi, akanawa mikono, akatoka, bada imebaki nusu. Shamimu akadhani kashiba.

Mwalimu akarudisha tena. "Handeni ina vijiji vingapi? Chagua kimoja. Chagua unachokijua njia yake."

Njia hakuijua, lakini jina alikuwa nalo tangu utotoni. Akaandika Kwemvumo. Alipolisoma kwa sauti ili asikie linakaaje, Babu, aliyekuwa ameketi ndani tayari, kwenye kiti chake, akakohoa. Kikohozi kile kile cha nje ya kizingiti. Akakohoa na kunyamaza, kama anasubiri jibu. Shamimu aliangalia mlango bila kujua kwa nini. Tangu hapo akawa anaiogopa karatasi yake. Alihisi kila anapofuta neno, kitu kinasogea hatua moja kuja kwake, na yeye ndiye anayekifyekea njia.

"Sasa naanza kumsikia mtu," mwalimu Semboja alisema, akajivuta sweta mabegani. "Kijiji kimoja, siku moja ya kuhama. Vizuri. Lakini usiniletee unachokijua. Niambie, katika siku hiyo, ni kitu gani hakina jibu?"

Shamimu alijikuta amesema kabla hajafikiri. "Kuna mwanamke hakufika."

Mwalimu akaiweka kalamu chini. "Ndugu yako?"

"Mama yake bibi yangu."

"Nani alimwona mwisho?"

Loh! Utafikiri swali hilo lingekuwa limeulizwa nyumbani kwao hadi likachakaa. Halikuwa limeulizwa. Wote walikuwa wamemuuliza Mungu, wakauliza barabara, wakauliza malori. Shamimu akatoka ofisini mle akijua kwamba hii ndiyo mada, na kwamba si ya chuo. Kama kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyemwona Bi Mwanaheri mara ya mwisho, Bibi alikuwa na haki ya kumjua kabla miguu haijamshinda kabisa.

Alianza na Bibi mwenyewe, uani, Bibi anachambua mboga ya mnavu.

"Gari la kwanza lilichukua wenye watoto na wenye mimba," Bibi alisema. "Mimi nilikuwa na mimba ya mama yako, tumbo liko hapa. Mama nyonga ilikuwa inamsumbua, kutembea ni shida. Akaniambia, tangulia, mwanangu, usije ukasukumwa na tumbo hilo. Mimi nitakuja na gari la pili pamoja na akina mama wa kwa Mdoe. Nikamwachia kibuyu cha maji. Nikamwachia kiporo cha bada. Nikapanda."

"Na akina mama wa kwa Mdoe walisemaje?"

"Walisema walijua nimeondoka naye. Wangejuaje? Kelele, honi, kuku wamefungwa miguu, watoto wanalia. Kila mmoja alijua yuko na mwenzie."

"Gari la pili nani alikuwa anakusanya watu?"

"Babu yako," Bibi alisema, anachambua majani. "Alikuwa kijana, mbio mbio. Alipita nyumba kwa nyumba."

"Nyumba zote?"

"Zote." Barabarani lori likaguna kwenye tuta. Bibi akaweka mnavu chini, akashika ukuta, akainuka.

Shamimu alimwangalia mgongo wake ukielekea mlangoni, kanga imefungwa sawasawa. Alitamani angekuwa ameandika juu ya bei ya mkonge.

Siku ya pili, adhuhuri, alimkuta Babu anatoka sokoni na kifurushi cha sukari. Wakafika mlangoni pamoja. Babu akakohoa, akasubiri. Kimya. Kandambili za Bibi hazikuwapo kizingitini.

"Bibi yako katoka," Babu akasema, wakaingia sebuleni.

Shamimu alikuwa amepanga maswali, namna walivyofundishwa, la kwanza jepesi, la pili zito kidogo. Yote yakamtoka kichwani. "Babu, siku ile ya kuhama Kwemvumo, ulipita nyumba zote?"

Mzee aliweka sukari mezani. Aliisogeza, akaisogeza tena. "Unarekodi?"

"Sirekodi." Akaizima simu, akaigeuza uso chini.

"Nilipita zote."

"Na kwa mkweo?"

Mzee akaisogeza sukari mara ya tatu. Kisha akaanza kusema, sauti ya chini, anaongea na ile sukari.

"Nilifika. Nikasimama nje, pale panaposimamwa. Nikakohoa. Kimya. Wenye gari wanapiga honi, wananitukana. Nikakohoa tena, kwa nguvu. Kimya. Nikasema, basi, katangulia na binti yake. Mimi na yeye hatupandi gari moja, lazima awe katangulia. Mtu yeyote angesema hivyo."

"Hukumwita?"

"Nimwite kwa jina?"

"Basi hata kuchungulia, Babu?"

Mzee alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini hakuvua nguo sokoni. "Nichungulie ndani kwa mkwe wangu?" Akatikisa kichwa. "Ninyi hamjui. Sasa niambie wewe msomi. Mama mkwe akisikia mkwewe anakohoa nje, anafanya nini?"

Shamimu alilijua jibu. Alitamani asilijue. "Anajisitiri."

"Anajisitiri. Anarudi nyuma ya kiambaza, anafunika uso, hasemi kitu. Ndiyo heshima aliyolelewa nayo. Mimi nakohoa nimwambie gari linaondoka, na yeye anasikia namwambia ajifiche. Nilivyozidi kukohoa ndivyo alivyozidi kunyamaza. Mama wa watu alikuwa ananiheshimu."

Shamimu aliziba mdomo kwa mtandio.

"Kule kijiji kipya nikapata homa kali, na kutoka ilikuwa si ruhusa," mzee akaendelea. "Nilipoweza kutembea nikatoroka, nikaenda kwa miguu. Kijiji hakina hata mbwa. Nimefika pale nje nikaona inzi. Nikajua. Wallahi nilijua, na bado nikakohoa." Machozi yalikuwa yanamtiririka kwenye ndevu na hakuyafuta. "Ningefanya nini? Mwili wa mkwe niuone mimi? Niuoshe mimi? Nimguse? Nikabeba mawe, nikaziba mlango, nikaweka na miiba fisi wasiingie, nikasoma nje sura nilizozijua. Nyumba ikawa kaburi lake. Nikarudi, nikamwambia bibi yako sikumwona. Na kweli, sikumwona. Kwa neno hilo sikudanganya."

Pazia la chumbani likasogea.

Bibi Mwanaidi alisimama pale, amevaa shuka lake la kuswalia, kandambili zake mkononi, kwa sababu alikuwa ametawadha uani na kuingia nazo ndani. Alikuwemo muda wote.

"Nilikuwa naswali," akasema. "Umekohoa niko kwenye swala. Siwezi kukujibu niko kwenye swala."

Mzee Mbwana aliinuka nusu, akaketi tena.

"Malori," Bibi akasema. Sauti yake haikuwa kubwa. "Kila lori likipita nasimama. Na wewe umekaa hapo, kwenye kiti hicho. Ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuona."

"Nimekuzalia, nimekupikia, nimekuuguza. Ulikuwa unaniona nasimama!" Sasa ilikuwa kubwa, na majirani wakasikia. Akamtupia kandambili moja, ikampata kifuani, akamtupia na ya pili. Kisha akashika ukuta, akateremka mpaka chini sakafuni, akalia kilio cha msiba, kile cha mikono kichwani, kile kilichokuwa kimengojwa tangu mwaka sabini na nne. "Mama yangu jamani! Mama yangu alikuwa na kiu!"

Wanawake wa mtaani wakaja mbio wakidhani kafa mtu. Shamimu akawaambia ndiyo, kafa mtu, wakakaa nao.

Husna alipopata habari alifunga duka, akakodi pikapu Chanika, akaja kuwachukua waende Kwemvumo. Bibi alikaa mbele, karibu na dereva. Husna na Shamimu walibanana kiti cha nyuma. Mzee Mbwana alipokaribia, Husna akataka kumpisha, lakini Bibi akasema bila kugeuka, "Huyo akae kule kwenye mizigo." Akakaa kwenye mizigo, pamoja na jembe na madumu ya maji, kofia ameishika kwa mkono isipeperuke. Tangu siku ya kilio Bibi hakuwa amemwambia neno lingine.

Ukipita mahame hujui kama ni mahame mpaka uonyeshwe. Kwemvumo ilikuwa vichaka, mivumo mirefu iliyokauka vichwa, na minyaa iliyopangwa mistari, kwa sababu minyaa haisahau ua ilipopandwa. Hapa na pale yaliketi mafiga matatu matatu katikati ya nyasi, meusi bado, kama watu wamekwenda kuchota maji mara moja. Wamasai walikuwa wamepitisha ng'ombe asubuhi, samadi mbichi njiani. Mahali pote palikuwa na kelele za ndege, lakini Shamimu alijikuta anatembea kwa ncha za viatu. Alikuwa na hisia kwamba kuna mtu amejibanza karibu, amefunika uso, anangoja wapite.

Babu alitangulia. Hakuuliza njia. Alisimama mbele ya kichuguu kirefu, udongo wa nyumba iliyoanguka, kilichozungukwa na mawe, miiba na miti imeota juu yake, msitu mdogo usiopenyeka. Na mbele ya msitu huo palikuwa na uwanja. Uwanja msafi, umepaliliwa, umefagiwa, mviringo mzima, hakuna hata jani. Usafi uliishia pale mlango ulipokuwa. Kutoka hapo kwenda ndani hakuna jembe lililowahi kufika.

"Baba," Husna akasema, "kila mwaka unapoaga unakwenda kumwona ba'mkubwa kule Mgambo..."

"Nilikuwa nakuja kufagia," mzee akajibu. "Kwa nje."

Bibi aliangalia ule uwanja muda mrefu. Kisha akachukua jembe kwa mwanawe. Mtu aliyekuwa hainuki bila kushika ukuta akaanza kufyeka miiba, Husna na Shamimu wakimsaidia, mpaka wakapata upenyo. Akaingia peke yake. Walimsikia huko ndani anaongea, kwa Kizigua, anaongea kawaida tu kama mtu aliyechelewa kurudi nyumbani na anaeleza sababu. Anasema Husna ndiye yule wa tumboni. Anasema mlango sijaufunga hata siku moja.

Halafu akaita, kwa Kiswahili cha kila siku, "Baba Husna! Njoo."

Mzee Mbwana hakusogea. Alikuwa amesimama pale panaposimamwa, miguu yake imekaa kwenye alama mbili zilizochimbika ardhini kwa miaka ya kusimama hapo hapo. "Siwezi," akasema.

"Nimekuita mimi. Njoo."

Akainua mguu. Vumbi la miiba lilikuwa limetanda, na yeye ni mzee, na mazoea ni ya maisha mazima. Shamimu aliona kifua chake kinajaa, shingo inakaza, kikohozi kinapanda.

"Usikohoe!" Bibi alipiga kelele kutoka ndani, sauti imevunjika. "Usikohoe, Mbwana! Ukikohoa atajificha."

Akakibana. Alikibana kwa viganja viwili mdomoni, macho yamemtoka, mishipa ya shingo imesimama, mwili mzima unatetemeka. Shamimu alifikiri atakufa pale pale. Hivyo hivyo, akiwa amejiziba, Mzee Mbwana akavuka kizingiti cha mkwe wake.

Walikaa humo wawili. Waliobaki nje waliwasikia wakisoma pamoja, na ilipofika mahali pa kumtaja marehemu sauti ya mzee ilikwama, ikakwama tena, kisha ikasema: Mwanaheri. Jina hilo hakuwahi kulitamka maishani. Hawakufukua kitu. Walipanga mawe, wakamwaga maji, madumu yote, mpaka tone la mwisho, juu ya ardhi ile.

Kurudi, Bibi alimwambia mumewe, "Kaa ndani, utapata baridi." Husna akahamia kwenye mizigo.

Shamimu alimpelekea mwalimu Semboja karatasi ya mwisho. Ilikuwa na mstari mmoja: Nyumba moja, Kwemvumo. Akamsimulia. Mwalimu alisikiliza, kalamu nyekundu mkononi, na alipomaliza kusikiliza hakuandika kitu.

"Umemwona mtu," akasema.

"Nimemwona, mwalimu. Sitaki kumwandika."

Mwalimu akavua miwani, akaipangusa kwenye sweta. Yule yule aliyekuwa hajui neno jingine zaidi ya punguza, akamwambia mwanafunzi kwa mara ya kwanza, "Basi panua. Andika heshima ya ukwe na siku ya kuhama, vijiji vitatu au vinne. Waulize wazee wengine nani alibaki. Nyumba hiyo iache na wenyewe." Akaisaini karatasi kwa kalamu ya buluu aliyoiazima.

Hitima ilisomwa Masuguru, ikaliwa pilau, watu wakatawanyika. Mzee Mbwana siku hizi akifika mlangoni anapiga hodi kwa mdomo kama watu wote, na asipojibiwa anaita mkewe kwa jina mpaka aitikiwe, hata kama majirani wanalalamika.

Siku chache baada ya hitima, alasiri, Shamimu alikuwa sebuleni na madaftari yake, Bibi amekaa mkekani na ungo wa mchele. Barabarani lori likafika kwenye tuta. Likapunguza mwendo, likaguna.

Bibi hakuinua kichwa. Alitoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa nje, akaendelea kuchambua.

"Mjukuu wangu," akasema baadaye, "mbona umesimama?"

Shamimu akashtuka. Alikuwa mlangoni, ameshika mwimo, anaangalia.